Leseni tatu, dereva mmoja

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo yuko Texas. Ameacha kubeba maboksi, anasomea CDL, leseni ya kuendesha malori makubwa. Juzi kanipigia akilalamika: kukagua lori kabla ya safari, breki za upepo, kurudi nyuma na tela, mitihani kibao! Akaniuliza kama na wa zamani walisumbuliwa hivi. Nikaenda kusoma. Jibu, wadau, ni hapana.

Hadi miaka ya 1980, kwenye majimbo mengi ya Marekani mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kuendesha semitrela bila kujaribiwa kwenye lori. Lakini kulikuwa na baya zaidi. Kila jimbo lilitoa leseni zake, kwa hiyo dereva aliweza kuwa na leseni mbili tatu mfukoni. Akikamatwa kwa ulevi au mwendo kasi anatoa moja. Hiyo ikifungiwa, anaendelea na nyingine. Makosa yakatawanyika, na kwenye karatasi dereva hatari akaonekana safi.

Oktoba 1986 Rais Ronald Reagan alisaini sheria ya usalama wa magari ya biashara. Angalia mpangilio wake. Kuanzia Julai 1, 1987 ikawa marufuku dereva wa lori kuwa na leseni zaidi ya moja. Kisha majimbo yakaunganishwa kwa kompyuta ili yaulizane rekodi. Kila dereva kulazimika kuwa na CDL, yenye viwango vya serikali kuu, kulikuja mwisho: Aprili 1, 1992. Tena majimbo yaliruhusiwa kuwasamehe mtihani wa barabarani madereva wazoefu wenye rekodi safi.

Yaani walishughulika na rekodi kabla ya usukani.

Sisi ajali ikitokea tunapiga kelele kuhusu shule za udereva. Ni sawa, ila mtihani unaonyesha mtu alivyoendesha siku moja, tena akijua anaangaliwa. Rekodi inaonyesha alivyoendesha miaka yote. Leseni bila rekodi inayomfuata dereva ni kadi yenye picha tu.

Nimemwambia jamaa avumilie. Breki za upepo atazizoea. Ila akilewa kwenye usukani huko Texas, asitegemee kwenda kuanza upya Oklahoma. Mlango huo walishaufunga.