Kitufe, Kidole na Ngoma

Mtaalamu wa hipnosisi, yule anayekutuliza kwa maneno hadi ukawa kama umelala huku bado unamsikia, siku hizi anaweza kuwa na kontrola ya MIDI mezani. Anaongea taratibu, mkono mmoja uko kwenye kitufe: sauti ya maji inashuka, mvumo mzito unapanda. Kitufe chenyewe hakibebi sauti hata kidogo. Kinatuma namba tu, 0 hadi 127, na programu kwenye kompyuta inatii. Lugha hiyo ya namba ilizaliwa 1983. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko hapo.

Franz Mesmer, huko Paris miaka ya 1780, alitibu watu kwa msaada wa amonika ya glasi, ala inayolia kidole chenye maji kikisugua ukingo wa glasi inayozunguka. Kichekesho ni kwamba aliyeibuni ni Benjamin Franklin, na Franklin huyohuyo mwaka 1784 alikuwa kwenye tume ya mfalme iliyoamua kuwa nguvu ya Mesmer haipo, ni mawazo ya mgonjwa tu. Eti "tu"!

Kwetu Nyanda za Juu Kusini habari iko karibu zaidi. Miaka ya 1960 Wahehe wa Iringa walikuwa wakisafiri hadi kaskazini mwa Malawi kwa mganga Chikanga. Njia ya huko inapita Mbeya na Tukuyu. Alison Redmayne aliandika habari zao katika makala ya 1970. Wengine walikwenda wakiwa na tuhuma za uchawi shingoni, na jibu la mganga ndilo lingeamua wataishije na majirani wakirudi.

Uganga wa upande ule una ngoma ya vimbuza. Steven Friedson, katika kitabu chake cha 1996, anaeleza kuwa kila pepo lina mdundo wake. Mpigaji anamtazama mgonjwa. Mdundo haumgusi? Anabadilisha. Bega likitikisika, anakaza hapohapo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Iringa na mashine yake akarekodi Wahehe wakipiga ligombo. Tunamshukuru, la sivyo tungebaki na masimulizi. Ila santuri haimwoni msikilizaji. Upande ukiisha umeisha, mgonjwa awe amefika au bado yuko njiani. Kanda za hipnosisi zilikuwa hivyohivyo. Huyu wa kitufe, macho yake yako kwenye kifua cha mgonjwa kinavyopanda na kushuka, nami namweka benchi moja na mpiga vimbuza.