Ushuru wa kiwango kimoja: Nani hufaidika?

USHURU wa kiwango kimoja ni mfumo ambapo kila mlipaji hutozwa asilimia ile ile ya mapato yake, awe tajiri au maskini. Katika mfumo wa viwango vinavyopanda, anayepata zaidi hutozwa asilimia kubwa zaidi.

Wagombeaji urais huvutiwa na mfumo huu kwa kuwa hueleweka upesi jukwaani. Nchini Marekani, Steve Forbes aliwania tiketi ya chama cha Republican mwaka 1996 akiahidi asilimia 17 kwa wote. Mwaka 2011 Herman Cain alikuja na mpango wake wa “9-9-9”, naye Ben Carson mwaka 2015 akaufananisha ushuru na fungu la kumi. Wote watatu walikosa tiketi hiyo. Urusi ilianza kutoza asilimia 13 mwaka 2001, lakini mwaka 2021 ikaongeza kiwango cha pili cha asilimia 15 kwa matajiri.

Nchini Kenya, sheria ya fedha ya 2023 iliweka viwango vitano vya ushuru wa mshahara, kuanzia asilimia 10 hadi 35. Kwa viwango hivyo, anayepata Sh30,000 kwa mwezi hulipa Sh1,500 baada ya nafuu ya Sh2,400, ilhali wa Sh100,000 hulipa takriban Sh22,400, bila kuhesabu makato mengine. Iwapo wote wangetozwa asilimia 15 bila nafuu, wa kwanza angelipa Sh4,500 na wa pili Sh15,000. Mzigo wa mnyonge ungeongezeka mara tatu.

Wafanyabiashara wadogo tayari wanaujua mfumo huu. Ushuru wa mauzo ulianza Januari 2008 kwa asilimia 3. Mwaka 2019 mahali pake palichukuliwa na ada ya asilimia 15 ya bei ya leseni ya biashara. Ulirejeshwa 2020, ukapunguzwa hadi asilimia 1 mwaka huo huo kutokana na janga la korona, kisha ukarudi asilimia 3 Julai 2023 kwa mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka.

Chukulia duka la rejareja mtaani Ayany, Kibera, linalouza bidhaa za Sh100,000 kwa mwezi. Ushuru wake ni Sh3,000. Iwapo faida ni Sh10,000, mwenye duka ametozwa asilimia 30 ya faida hiyo. Kinyozi jirani mwenye mauzo sawa na faida ya Sh40,000 hutozwa asilimia 7.5 pekee. Anayepata hasara naye hulipa.

Hata hivyo, si kila kiwango kimoja humuumiza maskini. Chini ya hazina ya NHIF, mwenye mshahara wa Sh30,000 alikatwa Sh900 na wa Sh100,000 au zaidi Sh1,700. Asilimia 2.75 ya bima ya SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, iliwakata Sh825 na Sh2,750 mtawalia.

Kwa hivyo, mgombeaji anapoahidi kiwango kimoja, mpigakura hana budi kuuliza: Ni asilimia ngapi? Ya mauzo au ya faida? Nani atasamehewa? Na kinachukua nafasi ya ushuru upi?