Mhina: Mmea Ulioandikwa Hauna Miiba

Ukipenyeza mkono ndani ya mhina mkongwe bila kuangalia, utautoa na damu. Mhina wa uani kwa bibi yangu, Unguja, ulikuwa umelipita paa la banda la kuku, na ncha za vitawi vyake zilikuwa zimekomaa hadi kuwa miiba. Wanasayansi lakini wanauita *Lawsonia inermis*, na neno hilo la pili maana yake ni "usio na silaha".

Aliyeupa jina hilo ni Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1753. Katika kitabu hichohicho aliorodhesha mwingine, *Lawsonia spinosa*, yaani wenye miiba. Baadaye ikabainika kwamba yote miwili ni mmea mmoja: ukiwa mchanga hauna miiba, ukizeeka huiota. Bibi alijua hivyo bila kitabu. Majani aliyachuma kwenye machipukizi. Nusu ya kwanza ya jina inamkumbuka Isaac Lawson, daktari wa Scotland aliyesaidia kugharamia uchapishaji wa *Systema Naturae* ya Linnaeus mwaka 1735.

Mhina ni wa ukoo mmoja na mkomamanga. Hufika hata mita 6, hupenda jua kali, na majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana. Maua ni madogo, meupe kama maziwa, yamesongamana kwenye vishada, na harufu yake peke yake yatosha kumfanya mtu aupande mlangoni.

Rangi imo ndani ya jani. Ukilitazama bichi huioni, kwa sababu kemikali yenyewe, losoni, imefungamana na sukari. Jani likitwangwa na kutiwa maji ya ndimu ndipo inapofunguka na kushikamana na protini ya ngozi, kucha na nywele. Kumbe ndimu ya mama zetu haikuwa mapambo.

Upande wa dawa, Waislamu wa pwani walipokea mengi kutoka elimu ya Kiarabu. Salma, aliyemtumikia Mtume, amepokewa katika Hadithi akisema kwamba jeraha au mchomo wa mwiba ulipakwa hina. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliieleza hina katika maandishi yake ya tiba. Kwetu imepakwa kwenye nyayo zinazowaka moto, visigino vilivyopasuka, fangasi za vidoleni, na kipaji cha uso kichwa kinapogonga. Maabara nazo zimeonyesha kwamba dondoo la majani huzuia baadhi ya fangasi na bakteria, ingawa jambo la kwenye kisahani cha maabara bado si tiba iliyothibitishwa kwa mgonjwa.

Kuna tahadhari ambayo ningependa kila mzazi aijue. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi mahali malaria ilipokaa karne nyingi, pwani yetu ikiwemo. Kwa mtoto wa namna hiyo, hina iliyopakwa mwilini inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu: macho yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi. Mtoto mchanga asipakwe. Kunywa maji ya mizizi au majani yake nako si jambo la kujaribu nyumbani.

Na piko, ile nyeusi ya kuchorea, si hina. Weusi wake hutoka kwenye dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD, na nimeona mkono wa bi harusi ukivimba malengelenge yaliyofuata mchoro, ua kwa ua. Watu huipendea piko haraka yake.

Bibi alitupaka hina baada ya Isha, akatufunga viganja kwa vitambaa vya kanga kuukuu, tukalala mikono imenyooshwa nje ya shuka. Asubuhi tulifungua tukakuta rangi ya chungwa, hafifu, tukaanza kununa. Akatuambia tusiguse maji, tungoje. Hewa ilikuwa bado inafanya kazi yake juu ya ngozi. Kesho yake vidole vilikuwa vyekundu kama udongo wa shamba.