Afrika Kusini: Picha ya ua adimu na siri ya mahali lilipoota

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi katikati ya Septemba, nyanda kame za Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, hubadilika sura. Mvua haba ya majira ya baridi huamsha mbegu na vitunguu vya maua vilivyolala ardhini, na kwa wiki chache za majira ya machipuko mabonde hufunikwa na rangi ya chungwa, manjano na nyeupe. Ndipo wapiga picha humiminika Springbok, Kamieskroon na Nieuwoudtville.

Mazulia ya rangi yanayopamba kalenda na mabango ya utalii, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni ya maua ya kawaida. Eneo la Skilpad, katika Hifadhi ya Taifa ya Namaqua, zamani lilikuwa shamba la ngano, na maua yanayolifunika hustawi hasa kwenye ardhi iliyowahi kulimwa. Yaliyo adimu hutafutwa kwa macho yaliyoinama. Ukanda huu, unaofika hadi kusini mwa Namibia, una zaidi ya aina 6,000 za mimea, na takribani asilimia 40 hazioti kwingine kokote duniani. Baadhi hukua kwenye vilima vichache tu, nyingine baina ya kokoto nyeupe zikiwa na ukubwa wa kifungo cha shati.

Mfano ni Romulea sabulosa, ua jekundu linalong'aa kama hariri, ambalo makazi yake ni uwanda wa Nieuwoudtville peke yake. Halifunguki asubuhi wala siku ya mawingu. Hungoja jua lipande na hewa ipate joto, kisha hufumba tena alasiri. Mbawakawa wadogo huliingia kula chavua na kupandana, na kwa kufanya hivyo hulichavusha. Hapa mpiga picha hukabiliwa na mtihani: saa za mapema, ambazo upepo ni mtulivu na mwanga ni laini, ua limefumba, likifunguka, jua ni kali na upepo umeanza kulitikisa. Wazoefu hulikinga kwa kitambaa cheupe kinachopunguza ukali wa jua, kisha husubiri sekunde moja ya utulivu. Huipunguzia kamera mwanga kidogo pia, kwa kuwa wekundu ukizidi mwanga hupoteza mikunjo yote ya petali na kubaki kama doa la rangi.

Maua mengi ya huko hugeukia jua, na katika nchi hiyo jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Anayelitazama bonde huku jua likimpiga usoni huona migongo ya maua. Akiligeuzia jua kisogo, bonde lote humwelekea.

Picha bora ya makazi huhitaji lenzi pana iliyosogezwa karibu na ardhi, ili ua lionekane pamoja na udongo, mawe na majirani zake. Mpigaji hulazimika kulala kifudifudi, na hapo ndipo madhara huanzia. Kiwiko huweza kuponda miche ambayo haijachanua, na majani yanayong'olewa ili kusafisha mandhari ya nyuma huenda ndiyo yaliyokuwa kivuli cha mmea huo. Ua lililo mbali na njia ni heri lipigwe kwa lenzi ndefu, au liachwe.

Hatari kubwa zaidi hutokea baada ya safari. Tangu 2019 wizi wa mimea midogo inayotunza maji kwenye majani, hasa ya jenasi ya Conophytum, umeongezeka kwa kasi, na mamlaka zimekamata zaidi ya mimea milioni moja iliyong'olewa porini kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kupambana na biashara hiyo. Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi vilichimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na wachimbaji waliijua ardhi yao. Namaqualand mnunuzi yuko mbali, na picha inaweza kumwongoza.

Simu nyingi huhifadhi ndani ya faili ya picha vipimo vya mahali ilipopigwa, visivyoonekana kwa jicho ila husomeka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo jukwaa la iNaturalist, ambalo watu hutumia kurekodi viumbe, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini na kuonyesha eneo la upana wa takribani kilomita 20. Kufuta vipimo hakutoshi ikiwa nyuma ya ua panaonekana kilele kinachotambulika au lango la shamba. Mwenye kamera hulazimika kuchagua: aonyeshe udongo na kokoto, au auache mlima nao uingie kwenye picha. Chini ya picha, jina la ua, wilaya na mwezi huwatosha watafiti kuanzia. Mwenye haja ya zaidi humwandikia mpigaji, naye hupata nafasi ya kuuliza ni ya nini.