Jukwaa na Daftari la Hesabu

Msomaji, ukisimama Salama, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, utaona malori yakipita mchana na usiku, na wachuuzi wakiyakimbilia na bidhaa zao. Ngoma ikipigwa hapo sokoni siku ya sikukuu, huna haja ya kuuliza imelipiwa na nani. Waliokuja kutazama ndio waliochanga, na mwenye kuula mchango hujulikana kabla ya jua kutua. Lakini sanaa ikigharamiwa na serikali, mchangaji ni kila mlipa kodi, hata yule asiyepata kuiona. Hapo ndipo lizukapo swali: nani aishike fedha hiyo, na nani amkague?

Katika Kenya swali hilo ni la zamani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuanzisha Kituo cha Utamaduni cha Kenya, na mwaka uliofuata Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza likafunguliwa Nairobi. Jina lilikuwa la taifa. Waliolitawala jukwaa walikuwa hasa Wazungu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mambo hayakugeuka mara moja. Oktoba 1976 waigizaji waliokuwa wakijiandaa kwenda Lagos kwa tamasha la FESTAC walitaka kuonyesha humo mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya Dedan Kimathi, na mwingine wa Francis Imbuga. Wakapewa siku chache tu, kwa kuwa jumba lilikwisha kuahidiwa michezo ya kigeni. Hebu fikiri: nyumba ni ya umma, na umma wabisha hodi! Mkaguzi angaliweza kupita asione hata senti moja iliyopotea, maana kilichopotea hakikuandikwa daftarini.

Wapo wasemao kwamba heri msanii asiguse kabisa fedha ya serikali. Watu wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walifanya karibu hivyo. Kwa mikono yao wenyewe walijenga jukwaa la wazi la kuketisha watazamaji wapatao 2,000, na Oktoba 1977 wakaanza kuigiza kwa Kigikuyu. Novemba kibali kikafutwa. Kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Basi kuikwepa hazina hakukuwaokoa.

Wala usidhani kwamba kukagua sanaa ni kazi nyepesi. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu nilishika fedha za chama cha maigizo. Fundi aliyetuwambia ngoma hakujua kuandika, hivyo hakutoa stakabadhi, nami nikahangaika majuma matatu na hesabu isiyolingana. Ngoma ililia vizuri kabisa. Daftari ndilo lililogoma.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kulijibu swali letu. Ibara ya 229 yamtaka Mkaguzi Mkuu akague hesabu za umma katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na mwaka huo huisha tarehe 30 Juni. Zingatia kwamba hatakiwi kusema tu kama fedha ilitumika kwa mujibu wa sheria. Sharti aseme pia kama ilitumika kwa njia yenye kufaa. Nami naona hilo la pili ndilo zito, maana jumba lililofungiwa wenyewe haliwezi kuwa na manufaa kwao, hata stakabadhi zikitimia.

Katiba hiyo hiyo ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Kwa hiyo ngoma ya Salama ikilipiwa na Kaunti ya Makueni, hesabu yake huingia katika ripoti ipelekwayo mbele ya bunge la kaunti, mjini Wote. Wajumbe wana miezi mitatu ya kuijadili. Ripoti hiyo hutangazwa, nawe una ruhusa ya kuisoma.