Majukumu Yaliyobaki, Mapato Yaliyoondoka: Jinsi Halmashauri za Tanzania na Kenya Zilivyofilisika

Serikali ya mitaa huhesabiwa kuwa imefilisika pale inaposhindwa kulipa madeni yake yanapoiva, huku ikiwa haina chanzo cha mapato kinachotosha kuyafidia, na huku sheria ikiendelea kuidai itoe huduma zilezile kwa wakazi walewale. Nchini Marekani hali hiyo ina utaratibu wake mahakamani, nao ndio uliotumiwa na mji wa Detroit mwezi Julai 2013, ulipoomba kinga dhidi ya wadai waliokuwa wakiudai kiasi cha dola bilioni 18. Halmashauri za Tanzania na Kenya hazikupita njia hiyo. Zilifilisika bila hukumu wala mfilisi: mishahara ilichelewa, wazabuni wakakataa kukopesha, barabara zikaachwa zichimbike, na mwishowe serikali kuu ikavunja baraza la madiwani na kuteua watu wake. Kwa kuwa hapakuwa na siku moja ya kutangaza ufilisi, lawama zimezoeleka kuelekezwa kwa wizi na uzembe wa madiwani na watumishi wao, ambao kweli ulikuwapo, lakini kumbukumbu za miaka ya 1960 na 1970 zinaonyesha chanzo kilichotangulia na kilicho kikubwa zaidi.

Nchi zote mbili zilipopata uhuru zilirithi halmashauri zilizobebeshwa elimu ya msingi, zahanati na barabara za ndani. Nchini Tanganyika, mabaraza ya wilaya yalichukua nafasi ya tawala za wenyeji ambazo Gavana Donald Cameron alizijenga kuanzia mwaka 1926 juu ya mamlaka ya machifu, na yalitegemea mapato ya aina mbili: kodi ya mtaa, iliyotozwa watu wazima, na ushuru wa mazao, yaani sehemu ya bei ya pamba, kahawa au korosho iliyokatwa pale mkulima alipouza. Nchini Kenya nguzo ilikuwa kodi ya mtu binafsi iliyopangwa kwa viwango, ambapo mwenye kipato kikubwa alilipa zaidi. Kodi hizi zilichukiwa, kwa sababu wengi waliziona kuwa ni mwendelezo wa kodi ya kichwa ya mkoloni, na ukusanyaji wake ulizidi kulegea kadiri wananchi walivyoamini kwamba uhuru ulikuwa umewaondolea mzigo huo. Wakati huohuo idadi ya watoto waliotaka shule ilipanda haraka kuliko fedha zilizoingia.

Pigo la kwanza lilionekana katika mishahara ya walimu. Halmashauri nyingi za Kenya zilichelewa kuwalipa, na Chama cha Walimu, kilichoanzishwa mwaka 1957, kikadai walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Dai hilo ndilo lililozaa Tume ya Kuajiri Walimu mwaka 1967. Huu ni ushahidi wa karibu kabisa wa namna ufilisi wa halmashauri unavyofanya kazi, kwa maana anayekuwa wa kwanza kuulipia ni mtumishi wa ngazi ya chini pamoja na mtoto aliyeketi mbele yake darasani, muda mrefu kabla mkaguzi wa hesabu hajaandika lolote.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba serikali mbili zilizotofautiana sana kiitikadi zilitoa jibu la mwelekeo mmoja, la kuzipokonya halmashauri, katika mwaka uleule. Mwaka 1969 Kenya, iliyofuata uchumi wa soko, ilipitisha Sheria ya Uhamishaji wa Majukumu ya Serikali za Mitaa, ambayo kuanzia Januari 1970 ilizinyang'anya halmashauri za kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Mwaka huohuo wa 1969 Tanzania, iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka miwili kabla, ilizivua halmashauri za wilaya vyanzo vyake vikuu, yaani kodi ya mtaa na ushuru wa mazao. Sababu zilizotolewa hazikuwa za hila. Mkulima alikuwa maskini, kodi ilikuwa ya kero, na huduma zilikuwa zikizorota. Hata hivyo, hakuna upande uliojiuliza kwa uzito unaostahili halmashauri ingeishi vipi baada ya hapo.

Tanzania ililimaliza swali hilo kwa kuzifuta halmashauri zenyewe. Chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, za miji zikafuata, na kazi zao zikahamia kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya waliowajibika kwa serikali kuu. Jina la mpango liliahidi madaraka karibu na wananchi, lakini walioshuka mikoani walikuwa watumishi wa wizara, si uwezo wa mkazi kumhoji anayetumia fedha zake. Miji ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa bajeti ya mkoa ilielekezwa kwenye maendeleo ya vijijini, wakati mji unahitaji fedha za kila siku za kuzoa taka, kunyonya vyoo, kuzibua mifereji na kulinda maji ya bomba. Kazi hizi hazionekani zinapofanywa, na zinapoachwa hujulikana kwa ugonjwa: katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kipindupindu kililipuka, na mwaka 1978 serikali ikalazimika kutunga sheria ya kurejesha mabaraza ya miji.

Halmashauri za wilaya zilirudi baadaye, kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika, ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Ungamo hilo lilikuwa la kiungwana, lakini halikurudisha kilichopotea katika ile miaka zaidi ya kumi: madaftari ya walipa kodi, wahasibu waliozoea kazi, na mazoea ya wananchi kudai huduma kwa stakabadhi mkononi.

Kenya haikuzifuta halmashauri zake, lakini iliziacha katika hali ambayo kwa namna fulani ilikuwa ngumu zaidi. Miji saba, ikiwamo Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, iliruhusiwa kubaki na shule, hospitali na barabara zake. Miaka michache baadaye kodi ya mtu binafsi, iliyokuwa ikilipia huduma hizo, iliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya mauzo iliyoingia moja kwa moja Hazina. Ruzuku za fidia zilizoahidiwa zilipungua hadi zikakoma. Baraza la Jiji la Nairobi likaendelea kupokea wahamiaji kila mwaka, likijaza pengo kwa mikopo na kwa kuahirisha malipo, huku ajira zikitolewa kwa kujuana. Mwaka 1983 serikali ilivunja baraza hilo ikilituhumu kwa usimamizi mbaya, ikateua tume iliyotawala jiji hadi mwaka 1992. Miaka tisa ya utawala wa wateule haikuponya fedha za jiji, na hili ni jibu tosha kwa wanaodhani kwamba tatizo lilikuwa madiwani peke yao. Dar es Salaam nayo ilipitia mkondo huohuo: baraza lake lilivunjwa mwaka 1996, Tume ya Jiji ikashika usukani hadi mwaka 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Halmashauri iliyokosa vyanzo vyema hushika vibovu. Kodi ya maendeleo iliyoanzishwa Tanzania katika miaka ya 1980 ilitozwa kwa kiwango kilichomlemea maskini kuliko tajiri, na kwa kuwa orodha za walipaji hazikuaminika, mgambo waliweka vizuizi njiani na kuzingira magulio. Mwanamume asiye na stakabadhi alishikwa au alikimbilia porini mpaka msako upite, na sehemu kubwa ya kilichokusanywa iliishia kuwalipa wakusanyaji wenyewe. Serikali iliifuta mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi mdogomdogo, ikaahidi ruzuku ya fidia, na hivyo halmashauri zikarudi kulekule zilikokuwa mwaka 1969, zikisubiri Hazina.

Kenya ilijaribu kuuzuia mzunguko huo kwa sheria: mwaka 1998 ilitenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa ajili ya serikali za mitaa, na Katiba ya mwaka 2010 ikaagiza kaunti 47 zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Sakafu hiyo ya kikatiba ni hatua kubwa, ingawa kaunti ya Nairobi ilirithi mwaka 2013 madeni ya baraza lililotangulia, na makandarasi wake wameendelea kusubiri malipo. Tanzania imeelekea upande mwingine. Kodi ya majengo, ambayo ni chanzo bora kuliko vyote kwa mji kwa sababu nyumba haikimbilii porini, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2021 ilianza kukatwa katika malipo ya umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika, wakati huo ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa rahisi, na mwenye nyumba yenye umeme hawezi tena kukwepa kirahisi. Lakini anayezoa taka mbele ya nyumba hiyo bado ni halmashauri, na fungu lake katika shilingi hizo linaamuliwa mahali ambapo diwani wake hana kura.