Kocha wa Wasichana Hajawahi Kufanya Kazi ya Bure

Uliza mzee yeyote wa Gor Mahia kuhusu 1987 na chai yako itapoa kabla amalize stori. Atakuambia vile Gor walibeba kombe la Afrika, lile liliitwa la Mandela, pale Kasarani. Ni haki yake kuringa. Hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kubeba kombe la bara.

Lakini kuna stori ingine ya mwaka huo huo, na hii ilianzia Mathare. Mkanada mmoja, Bob Munro, aliona watoto wa mtaa wakicheza mpira wa juala, bila viatu. Wakapatana: nyinyi mfanye kitu kwa mtaa, na mpira upangwe vizuri. Hivyo ndivyo MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilianza. Takataka zilikuwa kila mahali, kwa hivyo usafi ukaingizwa kwa ligi yenyewe. Kushinda mechi ni pointi 3. Kuzoa taka na kuzibua mitaro ni pointi 6. Unaweza kuwa na straika moto, lakini kama timu yako haishiki jembe, hambebi ligi.

Sasa angalia hapa. Ligi ilianza 1987. Wasichana waliingia 1992. Miaka 5 nzima katikati, mtaa ule ule, vumbi lile lile. Walikuwa wapi?

Ili kuelewa hiyo, twende Uingereza kidogo, kwa sababu mpira wenyewe tuliletewa na Waingereza. Desemba 1920, timu ya wanawake wa kiwandani, Dick, Kerr Ladies, ilicheza Liverpool, kwa uwanja wa Everton, mbele ya watu kama 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, shirikisho la soka la England likapiga marufuku wanawake kucheza kwa viwanja vya klabu zake. Hiyo marufuku ilikaa karibu miaka 50. Angalau wao walikuwa na barua ya kuonyesha nani aliwafungia.

Mathare barua haikuhitajika. Kazi za nyumbani zilitosha. Mvulana akitoka shule anatupa begi na kupotea uwanjani mpaka giza. Dada yake anachota maji, anaosha vyombo, anapika, na mtoto mdogo yuko mgongoni. Hakuna mtu amemwambia asicheze. Ni vile tu hana hiyo saa moja. Na akiipata, kuna swali la usalama: atarudi nyumbani saa ngapi, na atapitia wapi?

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kocha wa wasichana haikuwa kufundisha pasi. Ilikuwa kupiga hodi. Unaenda kwa mama ya mtoto, unasalimia, unakaa, unaeleza: "Mama, mazoezi yataisha kabla giza liingie, na nitahakikisha amefika." Mama akikataa, unarudi wiki ijayo. Hii kazi hakuna mtu huihesabu, na hakuna refa wa kuipulizia filimbi. Lakini bila hiyo hakuna timu.

Wengi wa hao makocha walikuwa vijana wenyewe. Hapo MYSA walifanya kitu ambacho mimi naona ni cha maana kuliko kombe lolote. Waliona kijana anayefundisha watoto, anayechezesha mechi, anayezoa taka, anafanya kazi. Kwa hivyo kazi hiyo ikapewa pointi, na wenye pointi nyingi wakalipiwa karo, pesa ikienda moja kwa moja kwa shule. Waliita kujitolea, sawa, lakini mtu hakurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi niliacha chuo, na nakuambia hivi: karo ikilipwa, maisha ya mtu hugeuka.

Mwaka 2001, Kilifi, mwanamke anayeitwa Sarah Forde alianzisha Moving the Goalposts, na hapo wakaongeza hatua. Wasichana wenyewe walifundishwa kuwa makocha, marefa, watu wa huduma ya kwanza, na wapangaji wa ligi. Fikiria hiyo hodi sasa. Anayebisha ni dada wa kijiji hicho hicho, mama anamjua tangu akiwa mdogo, na amecheza mpira na bado yuko sawa. Huyo ni ngumu kumkatalia. Na mtoto wa miaka 10 akimwona na filimbi shingoni, anajua hata yeye siku moja anaweza kuishika.

Haya, twende 2024. Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, chini ya kocha Mildred Cheche, wanaitoa Burundi na kufuzu Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu ya soka ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, ya umri wowote, ilikuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walipigwa na England, wakapigwa na Korea Kaskazini, halafu wakachapa Mexico 2-1. Nchi nzima ikapost bendera.

Hakuna mtu alipost kocha wa kwanza. Na kila mmoja wa hao wasichana alikuwa na mtu aliyemwona akiwa mdogo, kabla ya jezi ya taifa na kabla ya kamera.

Shida yangu ni hili neno kujitolea. Kila msimu tunapigia makocha wa mtaa makofi, tunawaita mashujaa, halafu wanajilipia nauli kwenda mechi. Wakichoka tunasema wamekosa moyo. Lakini historia yetu wenyewe inaonyesha kitu tofauti. Pale mpira wa wasichana ulishika mizizi, mtu alihesabu kazi ya kocha na akairudisha kwa njia fulani: karo, mafunzo, cheo cha kuendesha ligi. Mathare walijua hii kitambo, na hawakuwa na pesa za kuchezea.

Kwa hivyo kaunti ikikata utepe wa uwanja mpya, uliza nani atafundisha wasichana hapo na atapewa nini. Mdhamini akileta jezi, mwambie aongeze nauli ya kocha na ada ya kozi ya leseni. Na kama kuna timu ya wasichana mtaani kwenu, Jumamosi hii pitia mazoezi. Usiende kupiga picha. Muulize kocha amefikaje hapo, na nani amelipa.